Bitana ya Kinyago

Vumbi la Purulia halipigi hodi. Jekundu, jepesi, linapita penye ufa na pasipo ufa, linakaa juu ya wali, juu ya nguo iliyoanikwa, juu ya nyusi za wazee. Kajoli Sutradhar amezaliwa ndani yake, na kila asubuhi hulifuta usoni mwa miungu kabla hajalifuta usoni mwake.

Maana kwao miungu hawakosekani. Wako ukutani, wako uvunguni, wako kibarazani juani wakingoja rangi. Baba yake, Haradhan, huwafinyanga kwa udongo wa bwawani, huwapaka majivu, kisha huwabandika karatasi kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso ukauke na udongo ubanduliwe. Karatasi huletwa kwa mafungu: magazeti ya mwaka jana, madaftari ya watoto wa watu. Macho huchorwa mwisho kabisa, na kuyachora huitwa kuyafungua.

"Macho, mama, usiyaharakishe," humwambia bintiye. "Ukiyafungua mapema atakuona ukikosea."

Vumbi halipigi hodi, lakini Mwalimu Ghoshal alikuwa amelifungia mlango miaka ishirini. Alitoka Kolkata na kalamu ya wino wa chupa, wino mwekundu, na kofia ya sufu aliyoivaa hata jua la Machi likipasua mawe. Kufundisha tamthilia na visasili ndiyo kazi yake. Ngoma za mtaa wa vinyago, mtaa wa kina Kajoli, zilimfikia darasani, tena akifundisha habari za ngoma, naye akainuka akafunga dirisha ili asikike. Mtaa wenyewe hakuwahi kuukanyaga, si mara moja.

Muhula Kajoli alipokuwa darasani kwake, alitoa kazi ileile ya miaka yote. Majitu na Miungu katika Tamthilia. Kurasa kumi, jalada la rangi, picha mbili, Jumatatu.

Darasa likafanya lililozoea kufanya. Watoto thelathini na wanane walinakili kitabu kimoja cha majibu, na wote thelathini na wanane wakaandika kwamba jitu ni uovu, mungu ni wema, na wema hushinda. Mmoja alinakili mpaka maneno "tazama ukurasa wa tisini na mbili," na kazi yake haikuwa na ukurasa wa kumi na moja. Huyo alipata kumi na sita.

Kajoli aliandika. Aliandika kwa mkono unaonuka gundi, akiwa amekaa katikati ya nyuso ishirini zisizo na macho. Aliandika kwamba mungu na jitu hutoka katika bwawa moja, na udongo haujui nani atakuwa nani. Aliandika habari za babu yake, aliyecheza jitu majira thelathini. Kila mwaka aliuawa mbele ya kijiji kizima, na kila alipoanguka wanawake walilia, kisha wakamletea bisi za mchele na pilipili mbichi, naye akala huku jasho likimtiririka. Aliandika: ikiwa aliyekufa ni uovu, tulikuwa tunamlilia nani?

Alikuwa amesikia wanafunzi wa madarasa ya juu wakisema, "Ghoshal hasomi, anapima uzito kwa kiganja." Hakutaka kuamini. Lakini mtoto wa mtaa wa vinyago haachi kupima gundi yake, basi akatia tone moja katika pembe, kati ya ukurasa wa nne na wa tano. Atakayesoma atabandua.

Alama zikabandikwa ubaoni. Kajoli, saba katika ishirini.

Aliyekosa kumi hakujaziwa fomu ya mtihani wa mwisho. Na Haradhan alikwisha kusema, bila ukali, maana alimpenda: "Mtihani ukiwepo, soma mpaka uchoke. Usipokuwepo, mama, brashi ipo." Kajoli hakuichukia brashi. Alichukia kurudishwa kwake kwa alama saba.

Wiki ya pili likaja fungu la karatasi kutoka kwa mnunuzi wa taka. Kajoli akakata kamba, na majalada ya rangi yakamwagika miguuni pake, thelathini na tisa, na yote aliyajua. Mwalimu alikuwa ameziuza kazi za watoto kwa uzito. Ni kweli basi, huwa anazipima.

Ya kwake ilikuwa chini. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu wa chupa, kwa mwandiko wa mtu anayejipenda: Hukusoma. 7. Akafungua. Ukurasa wa nne na wa tano zilikuwa zimeshikana kama alivyoziacha.

Alikwenda nayo shuleni, kwa adabu, mikono miwili.

"Mwalimu, kurasa hizi hazikufunguliwa."

Ghoshal alizitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa kidonda.

"Gundi? Nyie si ndio wenye gundi? Umezibandika jana usiku, binti. Karatasi iliyokwisha kutoka shuleni si ushahidi. Kapake rangi."

Kisha, akiwa amekwisha kumsahau, akaita, "Na mwambie baba yako kinyago changu kiwe tayari Ijumaa. Kiwe chepesi. Mwaka jana kilinichuna."

Kila mwaka, siku ya sherehe ya shule, Mwalimu Ghoshal alicheza mfalme wa miungu. Nani mwingine angemcheza?

Ee vumbi, wewe ulimwona Kajoli akirudi. Hakulia. Alijaa dharau, na dharau ilimtuliza mikono. Haradhan alifinyanga uso: paji pana, pua ya kifalme, mdomo wa mtu aliyeshiba. Kajoli alibandika, alibandua, alipaka, alitia dhahabu. Uso ulipokauka, ukawa mwepesi kama ganda la yai, na kilichobaki ni bitana, ile karatasi laini ya ndani inayozuia uso wa mchezaji usichunwe. Alichukua kazi yake nzima, kurasa kumi na jalada lake, akaikunja, akaishikiza kwa gundi kidogo pembeni tu. Jalada likaelekea paji la uso wa mvaaji, maandishi upande wa kugusa ngozi. Haradhan alisimama mlangoni, akatazama, akasoma ile saba.

"Imekaa sawa?" aliuliza.

"Imekaa sawa, baba."

"Basi fungua macho."

Ijumaa ilikuwa na joto la kuchemsha maji. Mwalimu Ghoshal alicheza saa nzima. Aliua jitu mara moja, na akasimama mno juu ya maiti. Aliyecheza jitu alikuwa kijana wa kidato cha pili, akifa vizuri zaidi kuliko mwalimu alivyoishi. Kisha Mwalimu akavua kinyago ili awasalimu wageni, akawainamia, akanyanyua kichwa, na safu ya mbele ikaziba midomo kwa mikono. Paji la uso wake lilikuwa limeandikwa. Jekundu, kinyumenyume, herufi zimelowa.

Alikimbilia nyuma ya jukwaa, kwenye kioo cha kujipambia, ambako Kajoli alikuwa akingoja kinyago. Kioo kikayageuza maandishi yakakaa sawa. Alisoma mwandiko wake mwenyewe, ule anaoupenda: Hukusoma.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kile hakukichonga yeye.

"Kajoli! Umenifanya nini?"

"Nimekurudishia kazi, Mwalimu. Umeivaa saa nzima."

Mwalimu Mkuu, Bi. Mahato, alikuwa amemfuata Ghoshal. Ni mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa hukohuko, aliyemwona babu yake Kajoli akianguka. Alichukua kinyago, akaivuta bitana, ikatoka nzima. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafika penye gundi, akasimama.

"Bwana Ghoshal, ukurasa wa nne unasema nini?"

Ghoshal alijifuta paji kwa shali, na saba ikamtapakaa mpaka shavuni.

"Unasema… kwamba wema hushinda uovu."

Bi. Mahato alilowesha kidole, akaisugua pembe ile taratibu mpaka ikaachia. Akasoma kwa sauti, mstari mmoja tu: ikiwa aliyekufa ni uovu, tulikuwa tunamlilia nani? Akaizungusha kazi, akampa mwalimu.

"Isome. Halafu uipe alama."

Kajoli alimtazama mtu yule. Alimtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mtu anayekaribia kufunguliwa macho. Ghoshal alichomoa kalamu. Macho yake yalikuwa kwa Bi. Mahato, yalibaki kwa Bi. Mahato, na mkono wake, bila kugeuza ukurasa, ukaandika kumi na nane.

Basi fomu ikajazwa. Brashi itangoja. Bi. Mahato alitaka kusema kitu, lakini wageni walimwita.

Kajoli alitoka na kazi yake, akaketi kwenye ngazi za shule, akaiweka wazi magotini ili ikauke. Upepo ulipita uwanjani. Vumbi jekundu lilikuja bila hodi, likatua kwenye ukurasa wa nne, mstari kwa mstari, bila kuruka neno, kisha likaendelea na wa tano. Safari hii hakulifuta.