Fomu ya Kliniki

Hakuwa na gari, hakuwa na shamba, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapo umekosea." Mwandiko mzuri alikuwa nao. Kwa hiyo mjukuu alipozaliwa na tundu kwenye moyo, fundi viatu huyo, Babu kwa watu wa nyumbani, ndiye aliyejaza fomu ya kliniki.

Kuna aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo katika ukoo? Akaandika: Hakuna.

Daktari aliisoma, akaeleza kwamba tundu kama hilo huweza kutokana na urithi, au na vitu alivyokutana navyo mama mimba ikiwa changa, au vyote pamoja. Mara nyingi sababu haijulikani.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kupaka gundi viatu," akajibu mkwe, mama wa mtoto. "Kibandani kwa baba mkwe."

Walipofika nyumbani, Bibi akawaka. "Nilikwambia! Kutwa pua kwenye kopo la gundi kama nzi kwenye kidonda!"

"Mama, aliyenipa brashi si mumeo?"

"Mume wangu mwache! Ukoo huu mioyo yetu chuma."

Babu akainama kuvua viatu. Bibi alikuwa mke wa pili. Wa kwanza, marehemu, alimzalia binti aliyegeuka midomo bluu kila aliponyonya, akafa kabla ya kutambaa. Moyo, daktari alisema. Babu aliwaambia watu homa. Hakutaka damu yake isemwe.

Juma lile mkwe akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao. "Kaeni na chuma chenu," alisema. Mumewe akabaki anakitazama kitanda.

Siku tatu chakula hakikumshuka Babu. Ya nne akachukua karatasi.

"Unaandika nini?" Bibi akauliza.

Akamsomea barua ya kumpelekea mkwe. "Mwanangu, kwenye fomu nilidanganya. Binti yangu wa kwanza alikufa kwa moyo. Gundi ni yangu, na damu ni yangu. Huenda si hii wala ile, lakini lawama hii usiibebe wewe. Mpe daktari barua hii."

Bibi akaichukua karatasi, akaitazama. "Mimi uliniambia homa."

"Niliwaambia wote."

"Mtaa mzima utatucheka, mzee."

"Wacheke. Yule mkwe wetu analia."

Akaikunja barua, akaifunga bahasha, akaenda posta mwenyewe kuituma.