Nguzo ya Mjomba Pesamino

Losa aliiondoa nguzo ya mjomba wake mwenyewe, tena akijua. Ndilo alilokuwa akiliwaza asubuhi ya kuzindua nyumba ya mikutano.

Shirika lake, la kujenga kwa ufundi wa jadi, lilikihamishia kijiji mlimani baada ya bahari kula pwani. Kila kitu kiliamuliwa na wenyeji kikaoni, hata choo kielekee wapi. Mwishoni wafadhili wakataka upande wa uwanja wa watoto uwe wazi zaidi, nguzo moja itoke. Haya, itoke ya nani? Samoa kila mkuu wa ukoo ana nguzo yake ya kuegemea. Gusa ya mwenzio uone. Losa, msomi wetu, akachagua ya kwao. Mjomba ni damu yangu, ataelewa, akawaza. Wala hakumuuliza, na nyumba zao zinatazamana, jamani!

Wakuu wakaingia, kila mmoja akaegemea pake. Pesamino akaja mwisho, shuka yake ya lavalava kiunoni imepigwa pasi, akaenda moja kwa moja kwenye nafasi yake. Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mheshimiwa, umepotea nyumba?" mkuu mmoja akamtania.

Watu wakaangua kicheko. Losa akatamani ardhi immeze.

Mzee naye akacheka kidogo, akarudi nyuma, akaketi na vijana wanaokamua ava, kinywaji cha heshima wanachopewa wakuu. Kikombe kilipotangazwa kwa jina lake, mbebaji akakipeleka mpaka kwenye ule uwazi, akabaki ameduwaa nacho mkononi.

Watu walipotawanyika, Losa alimfuata mjomba nyuma ya jiko, machozi yanamtiririka.

"Mjomba, nisamehe. Ni mimi niliyeitoa. Nilijua wewe hutanikasirikia."

"Sijakukasirikia."

"Nairudisha kesho. Wafadhili wakinuna, wanune!"

"Uirudishe kwa nini?"

"Ni yako, Mjomba!"

Pesamino akaketi juu ya gogo taratibu, mkono kiunoni.

"Losa mwanangu, ungeniomba ningekupa. Ningeingia mle kifua mbele, niwaambie nguzo yangu nimewapa watoto wapate pa kuchezea. Wangenisifu mpaka kaburini." Akafuta jasho. "Sasa ukiirudisha, watasema mzee kaililia. Usiporudisha, watasema kanyang'anywa na mpwa wake. Niambie basi, nikaseme lipi?"