Kilo Nne za Bamba

Fundi alikesha siku mbili na bamba la chuma la kukinga tangi la petroli, lililokaa nyuma ya kiti cha dereva. Gari la shemeji yake la mashindano lilikuwa jepesi kama ganda la yai. Likigongwa kwa nyuma, tangi lingepasuka, na moto ungemkuta mtu bado amefungwa mkanda.

Shemeji, waliyembandika jina la Unyoya kwa kupima hata skrubu kwenye mizani, aliguna.

"Kilo nne, shem. Hizo ndizo zinazoninyima ushindi."

"Na mimi dada yangu simpelekei majivu," fundi akamjibu. "Usiliguse."

Unyoya akacheka, akaapa hataligusa.

Desturi ya gereji ilikuwa kuandika uzito wa gari ukutani kwa chaki. Asubuhi ya mashindano fundi alikuta gari limeshaondoka. Mia sita na kumi ilikuwa imefutwa, pameandikwa mia sita na sita. Akainama chini ya meza. Bamba lilikuwa pale, limefunikwa kitambaa safi, boliti zake nane ndani ya kikopo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Uwanja ulikuwa mwendo wa saa nzima, na mbio zingeanza baada ya dakika kumi. Akapiga simu.

Simu ya Unyoya ikalia palepale gerejini, juu ya mizani. Mshale ulionyesha gramu mia mbili.