Njia ya Ngamia

Salad alipoiona baiskeli nzito ya chuma ya shangazi yake Hoda, alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa ametoka Isiolo mjini kutafuta njia ya waendesha baiskeli kwenye vilima vya Oldonyiro, njia ya kokoto tupu isiyopitiwa na gari, na simu yake ilikuwa imemwonyesha kijia kinachopanda kilima moja kwa moja.

“Hicho ni cha mbuzi,” Hoda alimwambia. “Tupite cha ngamia.”

“Eddo,” Salad alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali, “chako kinazunguka kilima chote! Utafika kesho.”

Hoda alikasirika. Miaka hamsini anatembea hapa, leo aje afundishwe na simu? Akafunga chupa ya chai na glasi mbili kwenye keria, akapanda, akaondoka bila kuaga.

Njia ilizunguka, kweli, lakini ilipanda polepole, maana ngamia mwenye mzigo hakubali mwinuko mkali. Hoda hakushuka kwenye baiskeli hata mara moja. Alifika kileleni akihema, akaangalia huku na huku, hakuona mtu. Akapiga kigelegele mpaka vilima vikaitikia.

Alikuwa ameshamimina chai Salad alipotokea, magoti yamechubuka, baiskeli yake ya bei ghali ameibeba begani.

“Eddo, umepitaje?”

“Nyanya yako alihamia huku kwa njia hii, na nyumba nzima juu ya ngamia,” Hoda alisema, akimpa glasi. “Hakuvunja hata kikombe.”