Nyumba Hii Haiuzishwe

Jumamosi asubuhi wamama wa kwaya walipanda kamyoneti mbele ya parokia, mjini Bunia, na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo iliyofunikwa kwa kitenge. Walikuwa wanaenda kutembea katika mji wa zamani kando ya mto Shari, unaosifiwa kwa nyumba zake za matofali za wakati wa Wabelgiji na kwa wachoraji wake. Jioni wangerudi. Anastasie alienda nao kwa sababu yake binafsi. Alikuwa na nyumba kule. Aliikimbia wakati wa vita, na tangu hapo analala chini ya turubai kambini. Alitaka kumwomba aliyeingia atoke.

Rodrigue, kiongozi wa wageni, aliwaonyesha kanisa, daraja na wachonga vinyago, kisha akawasimamisha mbele ya nyumba ya Anastasie.

"Huu ukuta, wamama, wageni wanaupenda sana," alisema. "Fundi ni marehemu. Anatumika kazi hata dimanche, siku ya misa."

Juu ya ngazi alikuwa Augustin, mume wa Anastasie, aliyezikwa Bunia mwaka juzi. Alikuwa anapaka herufi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Watu huandika hivyo ukutani ili mtu asiiuze nyumba wakati mwenyewe yuko mbali. Mvua huyafuta maneno, marehemu huyarudisha.

Wamama walimsalimia. Mmoja aliuliza habari za huko aliko. Alisema kuna baridi kidogo.

"Hiyo koti nilikuzika nayo," Anastasie alisema. "Angalia sasa, iko rangi tupu."

"Kazi ni kazi, mama Ornella," Augustin alijibu, akimwita kwa jina la binti yao. "Ulikawia."

"Barabara ilifungwaka."

Lucien, anayeikalia nyumba, alitoka na mswaki mdomoni. Alimsalimia Anastasie kwa heshima, akamtolea kiti. Kilikuwa kiti cha Anastasie.

"Papa Lucien, nimekuja kuingia kwangu. Ile maandiko weye hauisomi?"

"Ninaisoma kila asubuhi, mama. Inasema nyumba isiuzishwe. Haikuuzishwa. Miye sikununua kitu. Niliingia tu."

Wamama walifikiri. Rodrigue alisema kwamba kweli fundi hakuandika lolote kuhusu kuingia.

"Nitaongeza," Augustin alisema kutoka juu. "Nafasi iko?"

"Iko, papa, pale juu ya dirisha," Lucien akajibu.

Walikula mtoni. Anastasie alionja tu. Alasiri dereva alipiga honi, kwa kuwa giza likiingia hakuna anayepita barabara ile. Anastasie alirudi mbio hadi ukutani, akalowesha pembe ya kitenge kwa mate na kufuta rangi kwenye kola ya mume wake, aliyekuwa ameshuka kuchovya brashi.

"Turubai inavuja?" Augustin aliuliza.

"Kidogo."

Augustin akapanda tena ngazi.

Kamyoneti ilipogeuka, Anastasie alimwona Lucien ameshika ngazi kwa mikono miwili ili marehemu asianguke. Neno jipya lilipokamilika, WALA HAIINGIWE, Lucien alirudi nyuma, akalisoma polepole, akamsifu fundi kwa herufi zilizonyooka. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.