Corolla Iliyogeuka Boti

Naitwa Othmani, fundi bodi, gereji yangu iko mtaa wa Waswahili hapa Gitega. Kama umewahi kugonga gari lako popote kati ya Mushasha na Nyarusange, basi huenda mkono wangu umepita juu yake. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba nina akili. Utahitaji kukumbushwa, kwa sababu ninachotaka kukueleza ni jinsi nilivyotoa Corolla yetu nzima, yenye matairi manne na injini isiyokohoa, nikapewa boti.

Gitega haina ziwa. Ina vilima, ina shule, ina makanisa na misikiti, na maji mengi niliyowahi kuyaona mtaani kwetu ni ya kwenye pipa. Hilo nalijua. Nilikuwa nalijua hata siku ile, usifikiri nilisahau.

Nilikuwa nimekwenda Muyinga kwa msiba, na baada ya mazishi jamaa mmoja akanipeleka karibu na soko la Gasorwe akanionyesha kitu nyuma ya nyumba yake. Kilikuwa boti, lililetwa na mradi fulani uliokuja na mabango ukaondoka bila kuaga. Mto Ruvubu ulifurika, boti likazama, likakaa chini ya maji misimu miwili ya mvua mpaka watu walipolivuta kwa kamba. Halina pangaboi. Injini yake inafyonza maji kwa chini na kuyarusha kwa nyuma kwa nguvu, na maji hayo ndiyo yanayolisukuma. Injini yenyewe ilikuwa ya gari kabisa, silinda sita. Nilipoiona nikajisemea, Othmani, hili ni gari lililonyimwa matairi tu. Mwenye boti aliitazama Corolla, mimi nikalitazama boti, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshapeana mikono.

Sasa, Corolla ile ndiyo iliyokuwa ikibeba magodoro ya Farida. Farida ni mke wangu, anauza magodoro sokoni, na miaka yote ameyapeleka kwa wateja juu ya paa la gari lile. Nilifika nyumbani nimekaa ndani ya Fuso la kukodi, boti likiwa mgongoni. Farida alisimama mlangoni.

"Baba Layla, gari iko wapi?" Ndivyo anavyoniita, kwa jina la binti yetu ambaye ameshaolewa.

Nikamwonyesha boti. Nikamweleza kwamba nitalitengeneza, nitalipeleka Ruvubu, litavusha watu na mizigo, tutakuwa watu wakubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na mimi, mjinga, nikadhani ameshawishika. Asubuhi alifunga begi akapanda basi la Muyinga, akarudi kwa baba yake.

Kwetu mke akirudi kwao, hakuna simu inayomrudisha. Mume anakwenda ukweni mwenyewe, na mtu wa kumsindikiza. Anakaa chini mbele ya baba mkwe, anataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, halafu mke anaulizwa kama anarudi. Ni jambo la nusu saa na vikombe viwili vya chai. Mwanaume mwenye akili anakwenda wiki ile ile. Mimi nilikaa miezi minne.

Kosa ningetaja lipi? Ndivyo nilivyokuwa nikijiuliza, tena kwa sauti, peke yangu gerejini. Mpango wangu ulikuwa mzuri kuliko desturi. Nitalifufua boti, nitawaita wakwe zangu kando ya mto, nitapita mbele yao kwa kasi, na Farida ataona kwamba sikukosa chochote. Atapanda mwenyewe, na mimi sitalazimika kufungua mdomo. Nilimkumbuka vibaya sana, nisikufiche, na kila nilipomkumbuka niliongeza bidii kwenye boti badala ya kwenda kituo cha basi.

Kazi yenyewe niliifanya kweli. Injini ilikuwa imeshika kutu ndani, nikafungua plagi, nikamimina mazutu, yaani dizeli, kwenye silinda, nikaacha wiki nzima. Halafu nikaizungusha kwa spana, milimita kwa milimita, mpaka ikaachia. Siku hiyo nilitoka nje nikatafuta mtu wa kumwambia, nikakuta mbuzi. Nyaya zote nilitupa, nikafunga za Hiace. Bodi yake ya faiba iliyopasuka niliiziba kwa tabaka tatu, nikapiga msasa mpaka mikono ikawasha. Nikafunga na viti vya Hiace, honi, na taa za kuonyesha kona. Ndiyo, taa za kona, mtoni. Uchoraji wa mstari mwekundu ubavuni ulinichukua siku mbili na watu wa mtaani walikuja kuutazama.

Shida ilikuwa sakafuni. Chini ya mbao zilizooza nilikuta sponji ya njano, imelowa tangu mafuriko, nzito na inanuka kama choo cha stendi. Kazi yake ni kulifanya boti lielee hata likipata maji. Niliing'oa yote kwa koleo. Nikabaki na mashimo makubwa yanayotaka kujazwa, na ndani kwangu, chumba cha pili, kulikuwa na magodoro sita ya Farida ambayo hayajauzwa.

Jirani yangu wa gereji ni Bisimwa, Mkongomani wa Uvira, mchomeleaji. Amekulia kando ya ziwa, baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi. Alinikuta nimepiga magoti na kisu, nakata godoro la kwanza.

"Patron, hii mousse ya matela iko nakunywa mayi," alisema akiibonyeza sponji ya godoro. "Ile ya boti haikunywe upesi. Iko ingine kabisa."

Ungenisikia nilivyomjibu. Nilimwambia nilikuwa nagonga bodi yeye akiwa hajaota meno. Nikamwambia sponji ni sponji. Nikamuuliza kama Uvira kuna boti la silinda sita, akasema hapana, nikasema basi. Bisimwa aliinama akanishikia upande wa pili wa godoro nikate vizuri, kwa sababu ni mtu wa adabu. Nilijaza boti lote, nikafunika kwa bati la milimita mbili, nikapiga ribiti mia na kitu ili mtu asije akafungua kazi yangu.

Esansi, yaani petroli, ilinitesa. Unajua hali ilivyo, watu wanapanga foleni siku mbili, na mimi nilikuwa na injini inayokunywa lita kwa pumzi. Nilikusanya kichupa kwa kichupa. Ilipofika galoni moja na nusu, zile za lita ishirini, nilimpigia simu baba mkwe wangu, Mzee Shafii, fundi cherehani wa Muyinga, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Nikamwomba aje Ijumaa baada ya sala pale kwenye kivuko cha Ruvubu, pamoja na Farida.

"Unakuja kuongea?" aliuliza.

"Nakuja kuonyesha," nikasema.

Nikamsikia akiweka mkasi chini. "Haya, mkwe wangu."

Wazee wa mtaani walikataa kunisindikiza. Walisema mtu anayekwenda ukweni na boti hahitaji wazee. Nikaenda na Bisimwa, juu ya Fuso lile lile.

Walikuwa wamekuja wengi. Mzee Shafii na kofia yake safi, shemeji zangu wanne, shangazi zake Farida na mikeka, na watu wa kivuko waliosikia kwamba kuna fundi wa Gitega amekuja na kitu. Farida alisimama nyuma ya baba yake amejifunga mtandio wa bluu. Alikuwa amekonda kidogo. Badala ya kumsalimia nikajifanya nakagua waya.

Tukalishusha. Liliketi juu ya maji vizuri kabisa, mstari mwekundu umenyooka. Nikapanda na Bisimwa, nikazungusha ufunguo, na silinda zote sita zikaitika.

Nitakuambia ukweli, hata kama umenicheka mpaka hapa. Liliruka. Maji yalitoka nyuma meupe, pua ikainuka, na mimi, mtu wa vilima ambaye hajui kuogelea, nikawa napita juu ya Ruvubu kwa kasi ambayo Corolla haikuwahi kunipa. Nilipiga honi. Nilipokata kona nikawasha taa ya kona. Watu kwenye ukingo walishangilia na hata Bisimwa alikuwa anasema taratibu, "Eeh, patron, eeh." Nilikwenda juu mita mia tatu, nikageuka, nikarudi nikapita mbele yao, nikaenda tena.

Kwenye kugeuka mara ya tatu boti likawa zito. Nikaongeza mafuta, likanguruma lakini halikuinuka. Nyuma ilikuwa imekaa chini kama bibi aliyechoka. Mpira wa kuzuia maji niliouweka pale shafti inapopita, ule wa Hiace, ulikuwa unavujisha maji kidogo, jambo dogo ambalo pampu ya kutoa maji ingelimaliza. Lakini pampu haikupata maji ya kutoa. Magodoro yalikuwa yameyanywa yote, na yalikuwa bado yana kiu.

"Patron," Bisimwa alisema, "tunashuka."

Maji yakapanda juu ya ubavu wa nyuma, injini ikapiga chafya mara moja ikazima, na fundi bodi maarufu wa Gitega akaenda chini pamoja na taa zake za kona. Nilishika usukani. Nilifumba macho nikaanza kusoma shahada kwa sauti ambayo naambiwa ilisikika mpaka ng'ambo.

"Patron," Bisimwa alisema tena, karibu na sikio langu. "Simama."

Nikasimama. Maji yalinifika kitovuni.

Sitaeleza kicheko kilichotoka kwenye ukingo ule, wewe mwenyewe unaweza kukisikia. Shemeji zangu waliingia majini na kamba, wakavuta, boti halikusogea. Bisimwa akasema ni lazima kulipunguzia uzito. Akachukua mtaimbo, akang'oa bati langu, ribiti zikaruka moja moja, na sponji ya waridi ikaanza kutoka. Kipande baada ya kipande. Kila mmoja alikuwa anapokea kipande, anakikamua, anakitupa kwenye majani. Mzee Shafii mwenyewe alikunja mikono ya kanzu akakamua. Nilisimama pembeni nikidondosha maji, natazama ukoo mzima wa wakwe zangu ukikamua biashara ya mke wangu.

Farida aliokota kipande kimoja. Hapa Burundi hakuna mtu anayejua sponji ile kuliko yeye. Alikibonyeza, akakiangalia upande wenye kitambaa cha maua, halafu akaniangalia mimi. Afadhali angetukana.

Boti lilipofika nchi kavu, Mzee Shafii alijifuta mikono, akakaa juu ya mkeka wa mashangazi, akaniashiria nikae mbele yake. Nilikaa na suruali yangu iliyolowa. Bisimwa akakaa nyuma yangu kama msindikizaji, naye amelowa.

"Umeonyesha," alisema Mzee. "Sasa ongea."

Nilikuwa na hotuba ya miezi minne. Ilikuwa na maneno kama maendeleo na usafirishaji. Nilifungua mdomo nikaitafuta, haikuwepo.

"Baba, nilikosa," nikasema. "Gari lilikuwa la kazi yake na nililitoa bila kumuuliza. Akaondoka, nikaona uzito kuja kusema neno moja, nikaona ni rahisi zaidi kufufua boti. Nikachukua na magodoro yake. Nyumba haikaliki, Baba. Nimechoka kukaa mle peke yangu. Namwomba arudi, na akikataa ana haki."

Sikuthubutu kuinua macho, nilikuwa nahesabu maua ya mkeka. Mzee Shafii alimgeukia binti yake akamuuliza kama desturi inavyotaka, kama amesikia na kama anarudi.

"Nimesikia," alisema Farida. "Baba, huyu nikimwacha peke yake mwaka mwingine, atanunua ndege."

Mashangazi walicheka mpaka wakashikana. Mzee alingoja wamalize.

"Hilo si jibu, mwanangu. Unarudi ao haurudi?"

Farida aliinamisha kichwa. Alikuwa bado ameshika kile kipande cha sponji, anakikamua ingawa hakikuwa na maji tena. Nilimwona anaufikiria ule mlango wetu, na mimi nyuma yake, na miaka iliyobaki. Nilijua kabisa kwamba anaweza kusema hapana. Kwa mara ya kwanza tangu afunge begi mbele ya macho yangu, nililijua hilo mpaka tumboni.

"Narudi," alisema. "Boti inabaki hapa."

Likabaki. Watu wa kivuko walilichukua hapo hapo, naambiwa sasa kuku wanalala humo. Jioni tulipanda Fuso, Bisimwa akapanda nyuma pamoja na mkeka tuliopewa na mashangazi, Farida akaketi kati yangu na dereva. Kilomita nyingi alihesabu kwa vidole bei ya magodoro sita. Nami nilimwacha ahesabu, nilikuwa nimeshaongea vya kunitosha. Tulipoacha lami nzuri na kuanza mashimo alinisogelea kidogo, sikujua kama ni kwa kutaka au ni kwa sababu ya barabara.

"Baba Layla."

"Naam."

"Pale mwanzo, mbele ya kuzama. Ulikuwa unajisikia namna gani?"

Nilitafuta namna ya kujidharau kabla hajanidharau yeye, kama kawaida yangu. Sikupata.

"Vizuri," nikasema. "Vizuri sana."

"Mi nilikuona," alisema Farida. "Ulikuwa unacheka. Nilishasahau kama unachekaka hivyo."

Niligeukia dirishani upesi. Nililia kuanzia pale mpaka tulipoziona taa za Gitega, na dereva, Mungu ambariki, akawa anaangalia barabara tu.