Mise à Jour ya Kasiksi

Mwalimu Ezéchiel alifundisha fizikia miaka thelathini na miwili katika shule za Bukavu. Alipostaafu, kazi iliyompendeza kuliko zote ilikuwa kumsaidia mke wake Francine kutengeneza kasiksi. "Kusaidia" ni neno lake yeye. Francine alisema ni kusumbua. Kila palipokuwa na ubatizo au ndoa katika ukoo, pombe hiyo ya ndizi ilitoka kwenye aneksi, kijumba cha nyuma ya nyumba yao ya Kadutu, na watu waliijua kwa ladha hata kabla ya kuuliza nani ameileta.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamwingia Francine. Haukumlaza kitandani, ila vidole vyake vikaanza kufa ganzi, kidogo kidogo. Zamani aligusa pipa kwa mgongo wa mkono, akajua kama kasiksi inachachuka vizuri. Sasa aliweza kushika sufuria ya moto bila kushtuka. Siku moja aliungua hivyo, akiwa anacheka na jirani, mpaka jirani ndiye aliyepiga kelele. Tangu hapo Ezéchiel alimkataza kugusa chochote chenye moto. Na kwa kuwa usiku mmoja wa baridi unatosha kuizimisha kasiksi, alimwomba binti yao msaada.

Binti huyo, Gloire, anafanya kazi ya informatique, ya kompyuta, huko Lubumbashi. Alimtengenezea baba yake kisanduku chenye kioo cha namba. Waya mmoja uliingia ndani ya pipa kupima joto. Mwingine ulikwenda kwenye mkanda wa kupasha, uliozungushwa nje ya pipa. Ukikipa kisanduku namba vingt-six, yaani nyuzi ishirini na sita, kinawasha mkanda baridi ikizidi, kisha kinauzima joto likifika. Ezéchiel alikipenda kama mjukuu. Alikifuta vumbi asubuhi, aliwaonyesha wageni. Na pasipo kukusudia, akaacha kumwuliza Francine habari za kasiksi. Alisoma namba, akatoka.

Wiki ya ndoa ya Dany, mtoto wa dada yake Francine, maji ya ndizi yaliingizwa pipani Jumatano pamoja na unga wa mtama uliokaangwa. Yalipaswa kuwa tayari Jumamosi, yapelekwe kijijini Miti kwenye karamu. Alhamisi asubuhi Gloire akapiga simu. Kisanduku kilikuwa na tabia ya kuwasha na kuzima mkanda kila dakika, tak-tak-tak, na hatimaye kingeungua. Alikuwa ameandika programu mpya yenye subira zaidi, ichukue mahali pa ile ya zamani.

"Natuma sasa hivi, Papa. Mise à jour iko mwepesi tu."

Ezéchiel alivaa miwani, akaleta kompyuta, akaunganisha kebo. Alibonyeza kitufe kidogo cha pembeni kama alivyoelekezwa, na mstari wa kijani ukaanza kutembea.

"Maman Gloire, usipite karibu," alisema bila kugeuka.

"Nitapita wapi? Niko nachambua maharagi."

"Hata ile meza, usiiguse."

Francine alimtazama mgongo wake uliopinda juu ya kisanduku, akatabasamu peke yake. Hivyo ndivyo alivyoinama zamani juu ya daftari za wanafunzi wake.

Mstari ulifika cent pour cent, mwisho wake. Kioo kikazimika, Ezéchiel akakigonga kwa ukucha, kisha namba zikarudi. Akaandika tena vingt-six, akasikiliza. Kimya. Hakuna tak-tak. Alifurahi hata akaimba wakati wa kunawa mikono.

Saa tisa alasiri alimkuta Francine amesimama mlangoni mwa aneksi, kichwa ameinamisha kidogo.

"Papa Gloire, kasiksi iko na moto sana."

Ezéchiel akatazama kioo. "Hapana. Masini inasema vingt-cinq. Bado moja, hata haijafika."

"Mi nasikia arufu. Iko kama ndizi yenye walisahau ndani ya mufuko. Kesho itageuka siki."

"Ni programu mupya, Maman. Gloire ameiandika yeye mwenyewe."

Francine hakupandisha sauti. "Mikono yangu njo ilikufa. Pua haijakufa."

Ezéchiel aliweka kitambaa chini. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu kisanduku kiingie nyumbani: akaweka kiganja chake kwenye tumbo la pipa, kando ya mkanda. Lilikuwa na joto la shingo ya mtoto mwenye malaria.

"Eh, Nyamuzinda!" alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, akang'oa waya wa mkanda ukutani.

Walilowesha vitenge viwili vya zamani, wakalifunika pipa. Francine aliamrisha, Ezéchiel alikamua. Ndipo akampigia Gloire.

Gloire alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Papa, uliandika tena ile correction?"

"Correction gani?"

"Ile ya cinq, ya tano! Hukumbuke siku ya kwanza, tulipima na thermomètre? Ile waya inasomaka cinq chini. Tuliiambia masini iongeze. Sasa mise à jour imefuta maréglage yote, kila kitu tuliiandikia. Ile vingt-cinq yako ilikuwa trente, thelathini nzima, na ingeendelea kupasha. Kosa ni yangu, Papa. Ningepaswa kukuambia."

Ezéchiel aliweka simu mezani. Hakukigusa kisanduku. Alivuta kigoda, akaketi karibu na mke wake.

"Ulianza kusikia ile arufu tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita."

"Saa sita! Na ukanyamaza?"

"Siku hizi hauniulizake," Francine alisema, huku akikunja pindo la kitenge kilichokuwa kinadondosha maji.

Ezéchiel alimshika mkono, ule usiosikia kitu. "Nisamehe, Francine," alisema, na jina lile lilimshtua mkewe, kwa maana hakuwa amelisikia kinywani mwake kwa miaka.

Jioni pipa lilikuwa limepoa. Jumamosi, kule Miti, kasiksi ilikuwa kali kidogo kuliko kawaida, na shangazi mmoja hakuficha. Lakini Donatien, baba wa bibi harusi, alirudi na kibuyu chake mara tatu, na pipa likaisha kabla ya keki kukatwa.

Wiki mbili baadaye walitengeneza nyingine. Gloire alikuwa ametuma programu isiyofuta maréglage, na Ezéchiel alikuwa ameiingiza pipa likiwa tupu. Asubuhi ya pili alileta karatasi yenye safu mbili, moja ya namba na moja ya harufu, akainua kifuniko, akaita. Francine akaja, akainama.

"Inanuka je?"

"Ndizi ya juzi. Na mvua kidogo."

"Mvua? Mvua naiandika namna gani?"

"Andika mvua."

Ezéchiel akaandika.